Anaonekana, Hajulikani

Ngoma ya midimu inapoingia uwanjani, Mnyambe au kijiji kingine chochote cha uwanda wa Newala, hakuna asiyeiona. Njuga zinasikika kabla mtu hajatokea. Kisha anatokea. Amefunikwa nguo kuanzia shingoni hadi vidoleni, vitambaa vya rangi zinazogombana vimekazwa kwa kamba kiunoni, magotini na mikononi, na usoni kavaa uso wa mbao uliopakwa rangi, wenye nywele na nembo. Hanyati. Anakimbia, anasimama ghafla, anatikisa mabega, anageuza kichwa kushoto na kulia kwa mikato mifupi, anarudi kinyumenyume. Watoto wanatimua mbio huku wakicheka kwa woga. Macho yote ni kwake.

Katika uwanja huohuo yupo mama yake, yupo shemeji yake, yupo jirani aliyemwazima jembe wiki iliyopita. Hawamjui. Au, kwa adabu ya ngoma, hawapaswi kumjua, na yeye anafanya kila awezalo asijulikane: hasemi neno, haonyeshi hata kipande cha ngozi, hatembei mwendo wake wa kila siku. Waliopita jandoni wanajua aliyemo ndani, na hawasemi. Wasiopita huambiwa kwamba huyo si mtu wa hapa, ni mzuka, ni mfu aliyerudi.

Watu wengi, wachoraji na wabunifu wakiwamo, hudhani kujificha ni kutoonekana. Mavazi ya jeshi yenye mabaka ya majani, kinyonga kwenye tawi, swala ndani ya nyasi kavu: hayo ndiyo yanayotujia kichwani mara moja. Mcheza midimu anatuonyesha njia nyingine. Yeye haondoi kuonekana kwake, anakuzidisha. Anachoondoa ni kile ambacho mtazamaji anakitaka hasa, yaani jibu la swali "ni nani huyu?" Sura hii inahusu njia hiyo ya pili, na jinsi ilivyowafikia wanamaji wa Ulaya mwaka 1917 kwa mlango wao wenyewe, katika vita ambayo mwezi Novemba wa mwaka huohuo ilikuwa imefika hadi hapo Newala.

Kwanza lakini tuitendee haki njia ya kwanza, kwa sababu Wamakonde waliijua vizuri kuliko wengi. Uwanda wao ni mahali pa ajabu kwa mtu kuchagua kuishi. Una upepo mzuri, lakini maji yako chini mabondeni, na kwa miaka mingi wanawake walishuka na kupanda kingo kali wakiwa na mitungi kichwani. Karl Weule, Mjerumani wa makumbusho ya Leipzig aliyepita Masasi na kukaa Newala mwaka 1906, mwaka mmoja baada ya Vita vya Majimaji kulipuka, alishangazwa na vichaka vya huku: vizito, vilivyosukana, vyenye njia nyembamba ambazo mgeni hazioni. Vijiji vilikaa ndani ya vichaka hivyo. Haukuwa ujinga wa kuchagua makazi. Kusini hii ilipitiwa na misafara ya watumwa na mashambulizi ya Wangoni, na mtu aliyekaa mbali na mto, ndani ya msitu wa miiba, alikuwa mtu aliyekaa salama. Kijiji kizima kilifichwa kwa rangi ya mazingira yake. Watu wale waliojua kuzamisha kijiji kichakani ndio hao waliobuni ngoma ya kujificha kwa kupiga kelele. Hawakuchanganya kazi za mbinu hizi mbili.

Vita Kuu ya Kwanza ilipofika pwani yetu, ilianza na njia za zamani. Mwezi Oktoba 1914 Waingereza walikuwa wanaitafuta manowari ya Kijerumani Königsberg, ambayo tarehe 20 Septemba ilikuwa imeizamisha HMS Pegasus bandarini Zanzibar kisha ikapotea. Walipofika Lindi waliikuta meli ya abiria iitwayo Präsident imejibanza ndani ya mto Lukuledi, mto uleule unaoanzia upande wa Masasi na kupita chini ya uwanda wa Makonde. Präsident ilikuwa imejipa utambulisho wa meli ya hospitali, na msalaba mwekundu juu. Mabaharia wa HMS Chatham walipoipekua walikuta makaratasi yaliyoonyesha kwamba makaa ya mawe yalikuwa yanapelekwa delta ya Rufiji. Hospitali ikaisaliti manowari.

Ndani ya delta, Königsberg ilikuwa imejificha kama swala. Wanamaji wake walikata matawi na vilele vya miti wakavifunga kwenye milingoti, hata aliye baharini akaona mikoko tu. Mbinu hiyo ilifaa dhidi ya mtu aliyesimama kwenye sitaha ya meli. Haikufaa dhidi ya ndege, na ndege ziliruka kutoka kisiwa cha Mafia zikatazama kutoka juu, pembe ambayo hakuna aliyeipamba kwa matawi. Tarehe 11 Julai 1915 Königsberg iliangamizwa mtoni kwa mizinga ya meli mbili za maji mafupi, Severn na Mersey, zikielekezwa na waliokuwa angani. 

Ugonjwa wa njia ya kwanza ni huo: unahitaji kukaa kimya, mahali pamoja, mbele ya mandhari usiyoibadilisha. Meli ya mizigo inayovuka Atlantiki haina hata kimojawapo. Asubuhi bahari ni kijivu, mchana ni buluu, jioni ni shaba, na meli yenyewe inatoa moshi mweusi unaoonekana kutoka mbali. Ipake rangi ya mbingu na mbingu itabadilika. Mwaka 1917 nyambizi za Kijerumani zilikuwa zinazamisha meli za Uingereza kwa mamia, na Norman Wilkinson, mchoraji wa picha za bahari aliyekuwa akitumika jeshini, alikuja na wazo lililowafanya mabaharia wazee wadhani amerukwa na akili. Alisema: kwa kuwa meli haifichiki, tusijaribu kuificha. Tuipake mistari mikubwa myeusi, myeupe, ya buluu na ya kijani, ikatizane kwa pembe kali, ili kapteni wa nyambizi aione vizuri na asijue inaelekea wapi. Waingereza waliliita jambo hilo Dazzle. Mimi nitasema kuzuga macho.

Ili kuelewa kwa nini lilikuwa wazo la busara, fikiria kazi ya kapteni wa nyambizi. Topido lake halifiki papo hapo, na meli nayo inakwenda. Hawezi kulenga mahali meli ilipo, lazima alenge mahali itakapokuwa topido litakapofika, kama mtu anayemrushia jiwe kanga anayeruka. Kwa hiyo anahitaji kujua mambo matatu kwa kuchungulia mara chache kupitia periskopu: umbali, kasi, na pembe ya mwendo. Pembe ndiyo ngumu. Anaikisia kwa kutazama omo liko wapi, milingoti imejipanga vipi, dohani zimepishana kiasi gani. Wilkinson alishambulia dalili hizo moja moja. Mistari ilivuka ukingo wa meli bila kuuheshimu, hivyo ukingo ukavunjika. Nyuma ya meli ilichorwa ifanane na mbele. Omoni lilichorwa povu la uongo, ili meli ya mwendo wa polepole ionekane inapasua mawimbi. Kosa dogo la pembe lingetosha topido kupita mbele au nyuma.

Kazi ilifanyika London, katika vyumba vya chuo cha sanaa cha Royal Academy. Kila aina ya meli ilitengenezewa kijimfano cha mbao, kikapakwa rangi, kikawekwa kwenye meza ya kuzunguka, na watu wakakitazama kwa periskopu mbele ya mbingu za kuchora za namna mbalimbali. Wengi wa wachoraji walikuwa wanawake waliosomea sanaa. Ramani za rangi zilitumwa bandarini, upande wa kulia tofauti na wa kushoto, na hakuna kielelezo kilichoruhusiwa kuwa cha kudumu, maana kapteni wa nyambizi angejifunza. Maelfu ya meli yalipakwa hivyo kabla ya vita kwisha. Huko Liverpool na Bristol mchoraji Edward Wadsworth alisimamia upakaji, na baadaye, mwaka 1919, alichora picha kubwa ya meli hizo zikiwa chelezoni, watu wadogo wakining'inia na brashi ubavuni mwa meli.

Ni wakati huohuo vita vilipowafikia watu wa Newala. Novemba 1917 jeshi la Kijerumani la Paul von Lettow-Vorbeck lilikuwa limebanwa hadi kwenye uwanda wa Makonde, wapagazi na askari wakiwa hoi kwa njaa na maradhi. Ujerumani ilituma chombo cha kuwaokoa: L59, puto la anga lenye urefu wa mita 226, lililoondoka Jamboli nchini Bulgaria tarehe 21 Novemba likiwa na tani zipatazo 15 za silaha, risasi na dawa. Lilikusudiwa lisirudi. Likifika Makonde lingebomolewa: kitambaa cha nje kishonwe mahema, kiunzi chake kitumike kwa mengine. Lilifika Sudan, magharibi ya Khartoum, likaamriwa kwa redio ligeuze. Baada ya saa 95 angani bila kutua lilikuwa limerudi lilikotoka. Tarehe 25 Novemba Lettow-Vorbeck alivuka Ruvuma pale Ngomano akaingia Msumbiji, na siku chache baadaye sehemu ya jeshi lake chini ya Kapteni Tafel ikajisalimisha karibu na Newala. Mara nyingi nimejiuliza fundi gani wa Newala angepewa kile kitambaa cha puto na angekifanya nini, kwa maana nguo ngeni huku haikai muda mrefu kabla ya kupata kazi ngomani.

Turudi basi kwenye ngoma, kwa kuwa humo ndimo somo la mbunifu lilipo.

Mtu wa kijijini hutambuliwa kwa vitu vingi kabla ya uso wake: upana wa mabega, namna anavyorusha mguu, mkono anaoutumia, kikohozi. Vazi la midimu, na la mapiko kama yanavyoitwa na Wamakonde wa ng'ambo ya Ruvuma, linayashughulikia yote. Vitambaa na kamba vinaufanya mwili uwe mnene au wenye vifundo pasipo na vifundo. Njuga zinazifunika nyayo. Kinyago kinaondoa uso. Upande wa Msumbiji kinyago huvaliwa kama kofia kubwa inayomeza kichwa, na mchezaji huchungulia kupitia mdomo wake, hivyo macho ambayo watu wanayatazama siyo yanayowatazama wao. Upande wa Newala kinyago cha zamani hufunika uso tu, na vipo pia vya kufunga tumboni na kifuani, vyenye matiti na kitumbo cha mwanamke mjamzito, ambavyo mwanamume huvivaa. Jinsia nayo ikazugwa. Kisha huja mwendo: ule ukatikaji wa ghafla wa kichwa na mabega unaovuruga hata yule anayekujua kwa kutembea kwako.

Wilkinson alivunja omo, mlingoti na dohani. Fundi wa midimu alivunja bega, mguu na uso. Sina sababu yoyote ya kudhani kwamba mmoja alimsikia mwenzake. Kila mmoja alikuwa na mtazamaji hodari wa kumpotosha, na kwa Mmakonde mtazamaji huyo, mama mzazi, alikuwa hodari zaidi kuliko kapteni yeyote.

Hapa niweke maneno kidogo kuhusu rangi. Dunia imezoea kuijua sanaa ya Kimakonde kwa weusi wa mpingo: mti wa ujamaa, mashetani yaliyokunjana, vitu vya kung'arishwa na kuuzwa Mwenge, Dar es Salaam. Weusi huo ni wa soko zaidi kuliko wa kijiji. Mpingo ni mzito mno kuvaliwa usoni ukacheza. Vinyago vya ngoma huchongwa kwa mti mwepesi na kupakwa rangi, hubandikwa nywele za kweli, na nembo zake huchorwa, huchanjwa au hutengenezwa kwa nta inayotuna juu ya mbao. Rangi ya mafuta ya dukani ilipofika, mafundi waliichukua bila kusita. Anayelalamika kwamba kinyago chenye rangi ya kung'aa si cha asili amesahau asili yenyewe ilitaka nini: ilitaka uonekane kutoka mwisho wa uwanja.

Nembo zinastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu zinatupa kipimo. Wazee wachache bado wanazo usoni, safu za mistari ya pembe pembe, zigizaga, zilizochanjwa kwenye paji, mashavu na kidevu kisha zikasuguliwa dawa nyeusi ili zibaki. Weule alizipiga picha nyingi. Ukizitoa usoni ukaziweka karatasini, unaweza kudhani ni vipande vya michoro ya Wilkinson: pembe kali, mistari inayokimbizana, weusi kwa weupe. Kazi yake lakini ni kinyume kabisa. Nembo hutangaza. Humwambia mtazamaji huyu ni Mmakonde, ameumizwa akavumilia, ametoka wapi.

Mistari ileile inatangazaje hapa na kuzuga kule? Tofauti iko katika mahusiano yake na umbo. Nembo hufuata umbo: hupinda pale shavu linapopinda, husimama pale paji linapokwisha, na kinachochorwa kushoto hurudiwa kulia. Jicho linalopita juu yake linaongozwa kuusoma uso, na uso huo unakaa akilini kuliko ule usio na nembo. Mchoro wa Wilkinson unalikata umbo. Mstari unaanzia ubavuni, unavuka ukingo, unamalizikia kwenye dohani kana kwamba vitu hivyo viwili ni kimoja, na upande wa pili haufanani na huu. Mbunifu akishika kanuni hizi mbili, kufuata umbo na kulikata, kulinganisha pande na kuzitofautisha, amepata zaidi ya nusu ya elimu ya michoro mikali. Rangi inakuja baada ya hapo.

Mistari mikali ipo kwa wanyama pia, na kwenye punda milia hadithi imekuwa ndefu na yenye ubishi. Mwaka 1914, kabla ya Wilkinson, mtaalamu wa wanyama John Graham Kerr wa Glasgow alimwandikia Winston Churchill, aliyekuwa waziri wa jeshi la majini, akishauri meli zivunjwe umbo kwa mabaka na mistari kama ya twiga na punda milia. Baada ya vita alidai wazo ni lake, tume ikamkatalia na sifa na fedha zikaenda kwa Wilkinson. Muda mrefu watu waliamini milia inamzuga simba asijue punda mmoja anaishia wapi na mwingine anaanzia wapi. Huenda kuna ukweli humo, lakini ushahidi uliojikusanya umeelekea kwa mtazamaji mdogo zaidi. Tim Caro, aliyefanya utafiti kwa miaka mingi Katavi na kwingineko, pamoja na wenzake wameonyesha kwamba nzi wanaouma hushindwa kutua vizuri kwenye milia. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2019 waliwavika farasi mashuka ya milia: nzi waliwafuata kama kawaida, lakini walipokaribia hawakupunguza mwendo, wakagonga au wakapita. Mwaka huohuo watafiti wa Japani waliwapaka ng'ombe weusi milia myeupe, na nzi waliowatua wakapungua kwa karibu nusu.

Nzi, basi, anamwona punda. Anachokosa ni hesabu ya mwisho ya kutua. Ni kapteni wa nyambizi mwenye mbawa. Na yeyote aliyepita mapori ya mbung'o anajua upande wa pili wa shilingi hiyo: vile vitega vya kitambaa cha buluu na cheusi vilivyotundikwa mitini. Buluu pana isiyokatizwa humwita mbung'o kutoka mbali, weusi humfanya atue. Ndiyo maana waongoza watalii huwaambia wageni wasivae suruali za jinzi. Rangi ni ileile kali, ila imekaa bapa badala ya kukatwa, na matokeo yamegeuka.

Je, meli za Wilkinson zilinusurika kweli? Hapa shauku ya wabunifu huwa inatangulia ushahidi. Takwimu za wakati wa vita hazikutoa jibu safi, kwa sababu meli zilizopakwa rangi zilianza pia kusafiri kwa misafara yenye ulinzi. Mwaka 2011 watafiti wa Bristol walionyesha kwamba michoro mikali inaweza kumfanya mtu akadirie kasi chini kwa takriban asilimia 7, lakini pale tu kitu kinapokwenda kasi sana. Mwaka 2025 wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Aston waliufukua utafiti wa mwanafunzi wa chuo cha MIT, Marekani, wa mwaka 1919, wakaupima upya, wakaona kwamba rangi ilipotosha kidogo, ila kilichopotosha zaidi kilikuwa upeo wa bahari wenyewe: mtazamaji huiona meli kana kwamba inakwenda sambamba na upeo hata kama haiendi hivyo. Mabaharia wa wakati ule hawakujali. Walizipenda meli zao, walijisikia wamelindwa, na hilo nalo si dogo kwa mtu anayelala juu ya maji yenye nyambizi.

Kwenye mitindo ushindi haukuwa na mjadala. Machi 1919 klabu ya wasanii wa Chelsea iliandaa dansi kubwa katika Royal Albert Hall, watu wakaja wamevaa mistari ya meli, na kabla mwaka haujaisha nguo za kuogelea za michoro hiyo zilikuwa ufukweni. Wauza nguo walichukua ukali wa mistari wakaacha sababu yake, kama ilivyo kawaida ya biashara hiyo.

Kwetu wachoraji wawili wa kusini wanafaa kuwekwa ubavu kwa ubavu. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa Tunduru mwaka 1932, akaenda mashamba ya mkonge Tanga, akahamia Dar es Salaam, na mwishoni mwa miaka ya 1960 akaanza kuchora kwa rangi ya mafuta ya kung'aa kwenye mbao laini za dari, picha zake zikauzwa Oysterbay pale Morogoro Stores. Aliuawa kwa risasi ya polisi mwaka 1972, lakini jina lake likawa jina la mtindo. Watu husema ni rangi za kuzuga. Sikubaliani. Chui wa Tingatinga ana madoa mengi, ndiyo, lakini yamefungiwa ndani ya mstari safi wa mwili, mbele ya rangi moja tulivu. Hakuna kinachovuka ukingo. Mtoto wa miaka mitatu atamtambua chui huyo kutoka ng'ambo ya barabara. Ni kazi ya nembo.

George Lilanga ni habari nyingine. Alizaliwa mwaka 1934 Kikwetu, Lindi, katika familia ya Kimakonde, akajifunza kuchonga, na miaka ya 1970 akaingia Nyumba ya Sanaa, Dar es Salaam, ambako alihamishia mashetani kutoka mbao hadi rangi. Simama mbele ya picha yake. Kuna viumbe wenye masikio makubwa na vidole viwili, wamejaa ukingo hadi ukingo, buluu kwa njano kwa nyekundu, na mstari unaowazunguka ni wa unene mmoja kila mahali. Mguu huu ni wa nani? Ukiufuata unaishia kwenye mkono wa mwingine, au kwenye chungu, au kwenye kiumbe wa tatu ambaye hukumwona. Nyuma na mbele zina nguvu sawa ya rangi, hivyo jicho halipati pa kupumzika wala pa kuanzia. Lilanga, aliyefariki mwaka 2005, alikuwa mchoraji wa midimu kweli, hata pale ambapo hakuna kinyago pichani.

Wanawake wa uwanda huu wana toleo lao la kuzuga macho. Siku ya kuwatoa wari unyagoni, upande mmoja wa familia hushona sare: kitenge kimoja, chenye maua makubwa, kwa wanawake thelathini, arobaini. Mmoja mmoja, kila mama anaonekana. Wakianza kucheza kwa pamoja, kiuno kikazunguka na ua la huyu likaungana na ua la yule, idadi inapotea. Aliyechoka anapumzika katikati bila kuonekana, anayejua sana anang'ara bila kutajwa, mwenye deni na mwenye mali wamekuwa kundi moja. Kanga hufanya kazi hiyo kwa shida kidogo, kwa sababu pindo lake limelizunguka vazi pande zote na linasisitiza ukingo. Kitenge hakina pindo, kwa hiyo mchoro unakatwa na mkasi popote, na hapo ndipo uzugaji unapoanzia. Fundi cherehani asiyelinganisha mchoro kwenye mshono hulaumiwa kwa uvivu. Kwa sare ya ngoma, mimi ningemlipa.

Siku hizi wanaohitaji kuzuga zaidi ni wenye magari na wenye nyuso. Makampuni ya magari hufunika magari mapya ya majaribio kwa karatasi za plastiki zenye mizunguko myeusi na myeupe, ili mpiga picha wa barabarani asijue bodi imepinda wapi. Mwaka 2010 msanii Adam Harvey alibuni vipodozi na mitindo ya nywele ya kuizuga kamera isijue kuwa mbele yake pana uso: rangi nyeusi inavuka daraja la pua, shavu moja linapakwa na jingine linaachwa, nywele zinalifunika jicho upande mmoja. Programu za wakati ule zilitafuta ulinganifu wa macho mawili na weupe wa pua katikati, akauvunja ulinganifu. Programu mpya zina werevu zaidi na vipodozi vile havitoshi tena. Mcheza midimu, aliyefunika uso mzima na kubadilisha mwendo, angezisumbua muda mrefu kidogo.

Nairobi matatu zilipakwa rangi kwa ushindani hadi kanuni za waziri wa uchukuzi wa Kenya, John Michuki, za mwaka 2004 zilipozitaka zivae mstari mmoja wa njano ubavuni. Vijana walilia kwamba sanaa imeuawa, na miaka ilipopita michoro ikarudi. Nawaelewa vijana, na michoro naipenda. Lakini ule mstari wa njano, kwa mbunifu, ulikuwa na akili yake: ulifuata umbo la gari, ukarudiwa pande zote mbili, ukamwambia mtembea kwa miguu gari linaishia wapi.

Nalisema hili kwa sababu vijana wa Newala na Masasi sasa wanapamba bajaji na pikipiki, na wanaipenda zigizaga. Kipimo cha kwanza ni umbali. Mchoro mwembamba ukitazamwa kutoka mbali huchanganyika na kuwa kijivu, ndiyo maana mistari ya Wilkinson ilikuwa mipana kama kuta. Kwa hiyo urembo mdogo mdogo pembeni mwa bajaji hauna madhara, unasomwa ukiwa umekwisha kusimama. Mstari mpana unaoikata bajaji kiubavu, ukavuka mlango na kupanda paa, ndio wa kuogopa, hasa barabara ya kuteremka kutoka Newala kwenda Masasi, ambako lori linalopanda linahitaji kujua kwa mbali bajaji ni pana kiasi gani na inakuja kasi gani. Pembeni, tepe ya kuakisi ifuate kingo za bodi, kulia sawa na kushoto. Nyuma ibaki nyekundu, kwenye kona zote mbili. Zigizaga ipelekwe kwenye ukuta wa gereji, ambao hauendi popote.